Mshale wa Wino Mwekundu

Jina la Jicho alilipatia kwenye mkojo. Mzee mmoja mstaafu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, nusura akabidhiwe karatasi ya maabara inayosema ni mjamzito. Aliyeikamata karatasi ile kabla haijavuka dirisha la majibu ni huyu mama, fundi wa maabara, aliyegundua kwamba kikopo cha mzee na kikopo cha mkwewe aliyekuja naye vilikuwa vimebadilishana vifuniko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkwe alipewa hongera zake, mzee akapewa dawa zake za kibofu, na kuanzia siku hiyo fundi akaitwa Jicho, hata na mganga mkuu. Alijifanya jina halimpendezi, lakini ukimwita kwa jina lake halisi alichelewa kuitika.

Maabara yenyewe ilikuwa mwisho wa korido, jirani na chumba cha kufulia mashuka. Tangu kampuni moja ya malori iingie mkataba na hospitali, kazi kubwa ya Jicho ilikuwa damu ya madereva. Kampuni haikutaka walevi kwenye usukani, na kipimo chake kilikuwa cha ujanja. Ndani ya damu kuna protini inayobeba madini ya chuma. Ini huitengeneza, kisha huifunga vishada vya sukari. Mtu anayekunywa kupindukia, ini lake hulegea kazini, na protini hutoka na vishada pungufu. Jicho aliiweka damu kwenye jeli nyembamba, akapitisha umeme, akatia rangi, na majibu yakajitokeza kama michirizi ya buluu. Asiyekunywa ana mchirizi mmoja mnene. Mlevi ana wa pili chini yake, na mlevi wa kutupwa ana wa tatu. Dereva anaweza kupiga mswaki mara tano na kutafuna pakiti nzima ya peremende, lakini michirizi hiyo hawezi kuisukutua.

Madereva walimwogopa kuliko askari wa barabarani. Waliolia dirishani aliwajibu neno moja kila siku: "Mimi sisomi watu, nasoma damu."

Jumanne moja asubuhi alikuja dereva mmoja mwenye mzaha mwingi, amembeba binti yake wa miaka mitatu begani. Siku hiyo alikuwa na zamu ya kupimwa, na kwa kuwa kampuni ilimpa ruhusa ya nusu siku, aliunganisha na safari ya mtoto kwa daktari wa ngozi. Mtoto alikuwa na magamba makavu toka utosini hadi visiginoni. Kwenye viwiko na magoti ngozi ilikuwa imepasuka, na kwenye mipasuko kulikuwa na wekundu. Watoto wa mtaani walimwita Samaki. Baba yake alimwita Bosi.

"Huyu ndiye bosi wangu," aliwaambia watu kwenye benchi. "Mimi dereva tu. Akisema twende, naenda."

"Twende," alisema mtoto, na benchi zima likacheka.

Mfuko wa suruali ya dereva ulikuwa umetuna kopo la mafuta mazito ya mgando. Kila baada ya muda alichovya kidole akampaka mtoto shingoni na nyuma ya masikio, huku akiendelea kupiga soga, kama mtu anayefanya jambo alilolifanya mara elfu.

Muuguzi aliwatoa damu wote wawili kwenye kiti kimoja, mtoto akiwa mapajani mwa baba. Baba alichomwa mara moja. Mtoto alichomwa mara nne, kwa sababu chini ya ngozi ile nene mshipa haukuonekana wala haukusikika kwa kidole. Jicho alisikia kilio chote kupitia ukuta. Hakuwa mtu wa machozi, lakini aliweka kalamu chini akangoja kiishe.

Tyubu mbili zikaingia maabara kwenye trei moja, zikiwa na jina moja la ukoo. Ya dereva aliiandika mstari wa saba wa rejesta, ya mtoto mstari wa nane. Cha ajabu, fomu ya mtoto iliomba kipimo kile kile cha protini ya chuma. Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo aliyetoka masomoni juzi, na Jicho akajisemea kwamba huyu anatafuta upungufu wa damu na amekosea kujaza fomu. Hata hivyo aliipima. Kesho yake mchana aliitoa jeli kwenye rangi, akaiinua mbele ya taa.

Mistari ya jeli ilifuata namba za rejesta. Mstari wa saba, wa dereva, ulikuwa na mchirizi mmoja mnene, safi kabisa. Mstari wa nane, wa mtoto wa miaka mitatu, ulikuwa na michirizi mitatu. Ulikuwa mstari wa mlevi wa kutupwa.

Jicho alitabasamu. Ni lazima lisemwe hili, kwa sababu baadaye lilimnyima usingizi kuliko yote: alitabasamu. Alimkumbuka mzee wa mkojo. Familia moja, kiti kimoja, muuguzi amechanganyikiwa na kilio, tyubu zikabandikwa karatasi kinyume. Nani asiyeona?

Sheria ya maabara ilikuwa wazi, tena yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika ukutani. Ukishuku kwamba tyubu zimebadilishana, unazimwaga zote na kuomba damu mpya. Lakini damu mpya maana yake ni kumrudisha yule mtoto kwenye kile kiti, achomwe mara nne nyingine. Jicho alimwonea huruma. Na zaidi ya huruma alijiamini, na vitu hivyo viwili vikikaa kichwa kimoja huwa vinasikilizana sana. Alichukua kalamu nyekundu, akachora mshale wenye ncha mbili kutoka mstari wa saba hadi wa nane, akaandika pembeni, "Zilibadilishana," akatia saini. Kisha akaandika majibu. Mtoto: kawaida. Dereva: pombe nyingi, ya muda mrefu.

Siku tano baadaye dereva alikuja dirishani bila mzaha wowote. Unga wake ulikuwa umemwagika, kampuni imemwachisha kazi siku ile ile majibu yalipofika.

"Mama," alisema, "kuna makosa. Mimi pombe niliacha miaka minne iliyopita. Niliacha siku mke wangu aliponiambia ana mimba. Sijaonja hata povu."

"Wote husema hivyo, baba."

"Nipime tena. Damu si hii hapa? Chukua hata yote."

"Kampuni inalipia kipimo kimoja."

"Mama, nakuomba. Mke wangu aliniapia, siku nikionja tena anaondoka na mtoto. Nimemwonyesha hiyo karatasi yako na hivi sasa anafunga mizigo."

Kwenye jokofu la Jicho, hatua tatu kutoka pale aliposimama, mabaki ya damu ile yalikuwa bado yapo. Angeweza kumchoma baba sindano moja, akailinganisha damu mpya na hayo, na jeli ikawa tayari kesho yake. Lakini alikwisha kuwasikia madereva wengi, wenye wake wagonjwa na mama wanaokufa, na masikio yake yalikuwa yameota sugu.

"Mimi sisomi watu," alimwambia, "nasoma damu."

Dereva alitoa kopo la mafuta mfukoni, akaliweka kwenye dirisha, akalitazama, akalirudisha mfukoni, akaenda zake.

Miezi saba ilipita. Siku moja asubuhi mhudumu wa wodi ya watoto alileta tyubu moja, peke yake, kwenye trei tupu. Fomu iliomba protini ile ile, kwa mwandiko wa yule yule daktari wa ngozi, na chini yake kulikuwa na neno limepigiwa mistari miwili: haraka. Jicho alilitambua jina la ukoo, lakini hakushtuka. Aliipima. Kesho yake akaiinua jeli mbele ya taa.

Michirizi mitatu.

Alitafuta wa kumbadilishia. Macho yake, kwa mazoea, yalihama kwenda mstari wa jirani, na mstari wa jirani ulikuwa mtupu. Siku ile hakukuwa na dereva, hakukuwa na baba, hakukuwa na kiti kimoja. Ilikuwa damu ya mtoto mmoja tu. Alikwenda kabatini, akavuta faili la jeli zilizokaushwa, akaitoa ile ya miezi saba iliyopita na kuiweka kando ya hii. Mstari wa nane na mstari wa leo walikuwa mtu mmoja, mchirizi kwa mchirizi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka yote alijigamba kwamba hasomi watu, na siku ya mshale alikuwa amesoma watu: ameona dereva, akasoma mlevi, ameona mtoto, akasoma mzima. Damu ilimwambia ukweli akaichorea mshale.

Mkuu wa maabara, mwanamume mwenye kupenda utulivu kuliko haki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Toa jibu jipya la mtoto, liende wodini, yaishe," alisema. "Hilo la zamani nani atalifukua? Umebakiza miezi mitano ustaafu, dada. Usijitie kitanzi mwenyewe."

"Na yule baba?"

"Yule baba ana kazi nyingine sasa. Madereva hawakosi kazi."

Jicho alitaka kumwamini, na kwa dakika nzima alimwamini kabisa. Kisha alichukua rejesta, akaikumbatia kifuani, akapandisha ngazi kwenda wodi ya watoto.

Daktari wa ngozi alimkuta kwenye korido. Jicho alifungua rejesta juu ya toroli la dawa, akamwonyesha mshale. Daktari aliufuata kwa kidole kutoka ncha hadi ncha.

"Kuna magonjwa ya kurithi, mama, adimu sana," alisema mwishowe, taratibu, kama anajisomea. "Mwili unashindwa kutengeneza kile kishikizo cha kufungia vile vishada vya sukari. Protini inatoka kama shati lisilo na vifungo: ipo, lakini haikai mahali pake. Ngozi nayo ina protini zinazohitaji vishada hivyo ili ijifunge, ndiyo maana ya kwake inapasuka. Na kuna aina moja ambayo inashambulia ngozi na moyo kwa pamoja. Nilimshuku nayo tangu siku ya kwanza. Ulipoandika kawaida, nikaifuta kichwani."

"Na moyo wake?"

"Umevimba. Umechoka. Wakati ule ungeonekana kwenye picha ukiwa ndiyo kwanza unaanza kutanuka, tungempa dawa mapema, tungemtafutia mahali wanapofanya mambo makubwa zaidi. Singekuahidi kwamba angepona. Lakini angepata muda." Alifunga rejesta. "Mama yake yuko kitanda cha nne. Nenda ukamwambie wewe. Mimi nitasimama na wewe, lakini sitakusemea."

Kitanda cha nne, Bosi alikuwa ameegemezwa mito mitatu kwa sababu akilala chali hapumui. Tumbo limejaa maji, midomo imekuwa ya zambarau. Mpira wa oksijeni ulitakiwa kubandikwa mashavuni, lakini plasta haikushika kwenye magamba, kwa hiyo mama yake alikuwa ameushikilia kwa mkono. Alikuwa ameushikilia tangu juzi, na alipochoka alibadilisha mkono.

Jicho alimweleza yote akiwa amesimama. Hakujitetea, na huruma ya sindano nne hakuitaja, kwa sababu iligeuka kuwa kitu cha aibu. Mama alimsikiliza bila kuuachia mpira.

"Kwa hiyo hakunywa," alisema.

"Hakunywa. Damu yake ilikuwa safi kuliko yangu."

"Alinililia. Alipiga magoti, mtu mzima yule, nikamruka nikaenda kwa dada yangu." Alimgeukia daktari. "Na mimi nikamwambia pombe yake ya zamani ndiyo iliyomharibu mtoto. Nilimwambia hivyo mbele ya watu."

"Siyo pombe, mama," daktari alisema. "Kila mmoja wenu alimrithisha nakala moja mbovu, bila kujua. Wewe moja na yeye moja. Hakuna aliyekosea."

"Yupo aliyekosea," alisema mama, na hakumtazama Jicho. Hakuwa na haja ya kumtazama. "Mpigieni simu baba yake. Mimi mkono umeshika."

Jicho ndiye aliyebonyeza namba na kumwekea simu sikioni.

Dereva alifika baada ya saa moja, shati halijafungwa vifungo sawasawa, kopo mkononi. Alipopita, Jicho aliinusa harufu ya pombe kabla hajamwona vizuri. Ilikuwa saa tano ya asubuhi. Mke naye aliinusa, maana aliifahamu harufu hiyo kuliko mtu yeyote, lakini alisogea tu, akampisha nafasi kitandani. Dereva alichovya vidole kwenye kopo na kuanza kumpaka mtoto miguu, taratibu, kuanzia vidoleni.

Bosi alifumbua macho. "Dereva," alisema kwa pumzi fupi, "umechelewa."

"Barabara ilikuwa mbaya, Bosi."

"Twende."

"Twende wapi?"

Mtoto alifikiri, akasinzia kabla hajapata jibu. Alifariki siku ya tatu, alfajiri, mama ameshika mpira na baba ameshika mguu.

Jicho alifanya yaliyobaki kama mtu anayesafisha nyumba iliyoungua. Katika rejesta hakifutwi kitu, hukatwa kwa mstari mmoja ili cha chini kiendelee kusomeka. Aliukata mshale kwa mstari mmoja, akaandika majibu ya kweli, akatia saini na tarehe. Uchunguzi ulifunguliwa juu yake, akaambiwa aendelee na kazi mpaka kikao kikae. Aliiandikia kampuni ya malori barua ya kurasa mbili kueleza kosa ni la nani. Mara tatu alikwenda mwenyewe kwenye ofisi zao, akakaa kwenye benchi na madereva waliozoea kumwogopa, na safari hii wao ndio waliomwonea huruma. Mwisho wa mwezi kampuni ilijibu. Dereva atarudishwa kwenye gari lake lile lile, kwa sharti moja la kawaida: apimwe damu upya.

Aliibeba ile barua pamoja na kisanduku cha sindano. Dereva alikuwa amepanga chumba nyuma ya karakana ya kuziba matairi. Alimkuta ameketi kwenye tairi la zamani, mkewe ameketi kitandani anakunja nguo ndogo ndogo na kuzipanga kwenye sanduku. Alikuwa amerudi. Kopo la mafuta lilikuwa dirishani, limebaki nusu, na alama za vidole bado zimo ndani.

Jicho alisoma barua kwa sauti. Alijikaza asilie, kwa sababu aliona hana haki ya kulia ndani ya chumba kile.

"Kunja mkono wa shati, baba," alisema. "Mara hii nitapima mara tatu."

Dereva aliushusha mkono wa shati mpaka kwenye kiganja, akafunga kifungo.

"Usinipime, mama. Sasa hivi ukinipima utaona kile kile ulichoandika." Alicheka kidogo, kicheko cha yule mtu wa kwenye benchi, lakini kimechakaa. "Jicho lako halikukosea. Liliwahi tu."

Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Ni wiki tatu tu," Jicho alisema haraka. "Usiguse kwa wiki tatu, nne hivi. Ini linarudi kazini, damu inakuwa safi, mimi mwenyewe nitakuja kuichukua hapa hapa. Kampuni nitaiomba isubiri. Uliwahi kuacha miaka minne, baba. Wiki tatu zitakushinda?"

Dereva alilitazama kopo dirishani.

"Mara ile niliacha kwa sababu Bosi alikuwa anakuja," alisema. "Sasa hivi, mama, niache anakuja nani?"